Baba alikuwa anaficha ugali nyuma ya kitanda

Ilikuwa wiki ya tatu ya baba kupigwa mionzi ya saratani. Nafagia kile chumba tulikuwa tumepanga karibu na hospitali, navuta kitanda cha baba kidogo ndio nifikie kona, nakuta gazeti limekunjwa vizuri kabisa kama mtu amefunga mandazi. Nafungua. Matonge ya ugali, mengine yameshashika ukungu, na vipande vya samaki vimekauka. Hiyo haikuwa ya siku moja. Huyu mzee alikuwa ananingoja nitoke kwenda kuosha vyombo, chakula kinaingia gazetini, nikirudi anapangusa mdomo anasema asante mama, nimeshiba. (Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake, hiyo kwetu Butere ni kawaida.)

Nilikaa chini pale kwa sakafu na ufagio mkononi, nikakasirika kwanza, halafu nikaogopa.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mimi nauza viatu vya mitumba Kibuye, Kisumu, baba alikuwa kiwanda cha sukari miaka mingi na sigara alivuta tangu ujana mpaka juzi juzi. Kikohozi kilianza, kliniki moja huko nyumbani wakamweka dawa za TB bila makohozi kuonyesha TB yoyote, miezi mitatu ikaenda hivyo. Hiyo ni hadithi ya watu wengi sana na sitaki kukaa hapo maana nitalia. Kufika siti skani na kutolewa kipande cha nyama kikapimwa, ikawa saratani ya mapafu, pafu la kulia, imeingia kwa tezi za katikati ya kifua lakini haijasambaa mbali. Wakasema sio ya kupasua, ni mionzi pamoja na kemo, mionzi siku 30, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku grei 2 (grei ndio kipimo cha mionzi), jumla grei 60, na kemo, zile dawa za saratani, mara moja kwa wiki. Kisumu tukaacha, duka nikaachia dada yangu, hospitali ni ya mji mwingine na jina naliacha.

Siku ya kusaini fomu tuliambiwa madhara kwa mstari mmoja: anaweza kuchoka, ngozi inaweza kuwa nyeusi, na shida kidogo ya kumeza. Shida kidogo. Mimi nikaelewa ni kama ile ya homa, ukipewa tembe mbili inaisha.

Sasa turudi kwa gazeti. Nilimwuliza baba, akakataa kwanza, halafu akaniambia polepole bila kuniangalia kwamba akimeza kitu anasikia kama ameteremsha kaa la moto, linasimama hapa katikati ya kifua, akaweka kidole mahali, linakaa, halafu linaenda. Hata mate. Usiku anatema mate kwa kikopo ili asimeze. Nikamwuliza mbona hujasema. Akasema alisikia mtu kwa foleni ya mashine akisema ukipungua kilo wanasimamisha mionzi, ndio maana siku ya kupimwa alikuwa anavaa lile koti lake zito la kiwanda na gamubuti. Nilikuwa nimeona gamubuti nikadhani ni baridi.

Tukampima bila koti kwa mizani ya magunia pale posho mill ya jirani. Alikuwa ameanza na kilo 64, sasa 57.

Nyumbani wakapata habari, simu zikaanza. Huku kwetu magharibi, na pande za Bomet pia, saratani ya koo ya chakula iko nyingi, kila boma inajua mtu ambaye alianza kwa kushindwa na ugali, halafu uji, halafu maji, halafu mnazika. Kwa hivyo mtu akisema mzee hamezi, hakuna haja ya daktari, hukumu imeshatoka. Shangazi akapiga akilia ati imeshuka kwa koo. Kaka yangu wa Nairobi akasema turudishe mzee nyumbani, kwani tunamchoma bure. Na baba mwenyewe akawa ameamini hivyo, ndio akagoma. Siku nne hakukanyaga kwa mashine. Mimi nikabaki kati, sijui nivute wapi.

Niende moja kwa moja kwa ule mchana uliobadilisha mambo. Nilienda hospitali peke yangu kusema mgonjwa hatarudi. Daktari hayuko, nikatumwa chumba cha nyuma kwa jamaa wa fizikia, wale hupanga mashine ipige wapi na kiasi gani. Kijana tu, pengine mdogo kuliko mimi, ana kikombe cha chai baridi kando ya kompyuta. Nikamwambia saratani imeshuka kwa koo. Hakunibishia. Akavuta kiti, akasema dada, kaa, nikuonyeshe kitu.

Akafungua picha ya kifua cha baba, ile ya siti skani, imekatwa kama mkate vipande vipande, unaangalia kipande kimoja kimoja kutoka juu. Akanionyesha uti wa mgongo, mweupe, bomba la hewa, jeusi, na katikati yao kitu kidogo sana, kimelala bapa kama mdomo wa mtu aliyenuna, kimezungushiwa laini ya machungwa. Hilo ndilo umio, akasema, njia ya chakula. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 25 hivi kutoka kooni mpaka tumbo. Halafu akawasha rangi za dozi. Si umewahi kuona ramani ya milima shuleni, zile mistari zinazungukana, ndani kabisa ndio kilele? Hivyo hivyo. Kilele, nyekundu, kiko kwa tezi zenye saratani, na zile tezi zimeegemea umio kabisa, kwa hivyo nyekundu imepita juu ya umio kipande kwa kipande, akishuka, bado, akishuka, bado, mpaka imetoka.

Akaniambia, hii sio saratani imeshuka. Ni sisi tumechoma hapa. Na tulijua tutachoma.

Hilo neno tulijua lilinichoma kuliko hiyo mashine. Nikamwuliza mlijuaje. Akafungua grafu, mstari unaanzia juu unateremka kama mteremko wa Riat ukiingia Kisumu, akasema huu unaonyesha umio kiasi gani umepata dozi kiasi gani. Mwongozo ambao wao hutumia, wa mwaka 2010, unasema wastani wa dozi kwa umio wote ukikaa chini ya grei 34 ni afadhali. Wa baba ulikuwa 37. Halafu kuna namba nyingine, asilimia ya umio iliyopata grei 60 kwenda juu. Hiyo ndiyo utafiti mmoja wa 2013, uliokusanya wagonjwa 1,082 wa mapafu waliopewa mionzi na kemo pamoja, ulionyesha inatabiri vizuri kuliko zingine. Ukifika asilimia 17 kwenda juu, karibu 6 kati ya 10 walipata maumivu ya kuwafanya wabadilishe chakula, na zaidi kidogo ya 2 kati ya 10 walipata yale makali, ya kuwekewa dripu au mpira wa kulishia. Baba alikuwa kwa kundi hilo la juu. Kemo nayo inaongeza, maana inafanya nyama za ndani ziwe dhaifu mbele ya mionzi.

Nikauliza sasa kama mlijua, si mngekwepesha? Akasema walijaribu, akanionyesha mpango wa kwanza na wa pili, wa pili umeshapunguza kiasi, lakini saratani na umio zimegusana, ukitoa dozi hapo umeacha saratani hapo. Kaka yangu alikuwa amesema kinyume, ati si waongeze dozi imalize haraka, nikamwuliza hilo pia. Akacheka kidogo. Akasema Marekani walishajaribu, wakalinganisha grei 60 na 74, matokeo yakatoka 2015, waliopewa 74 wakaishi muda mfupi zaidi, na maumivu makali ya umio yakawa asilimia 21 badala ya 7. Mimi sikuwa najua dawa inaweza kuwa nyingi mpaka ikakosa faida.

Nilimwuliza na mbona wiki mbili za kwanza baba alikuwa anakula vizuri tu, mpaka nyama choma. Akaeleza kwamba ngozi ya ndani ya umio inajimenya na kuota upya kila wakati, seli za chini zinazaa mpya zinapanda juu, mionzi inaua zile za kuzaa, lakini zile za juu bado zipo, zinaendelea kufanya kazi mpaka zichakae, ndio wiki ya pili ya tatu unaamka hakuna kitu cha kufunika, kidonda kitupu. Kwa hivyo hata siku inaanza kuuma inajulikana, sio bahati mbaya. Nikamwambia sasa hiyo ndiyo ningeandikiwa kwa karatasi siku ya kwanza. Akanyamaza. Akasema ni kweli. Nampa heshima kwa hilo, hakujitetea.

Jambo moja alilisisitiza na nikaja kuliona kwa macho: hiyo namba haisemi ni nani. Inasema kundi. Umio wenyewe hausimami, mtu akipumua unasogea, akimeza unasogea, picha ilipigwa siku moja na mashine inapiga siku 30. Kwa foleni yetu kulikuwa na mama mmoja wa Vihiga, uvimbe wake uko juu huko pembeni mbali na umio, namba zake ndogo, lakini koo lilimfunga vibaya, wakampima wakakuta ameota utando mweupe wa fangasi juu ya kidonda, wakampa dawa ya fangasi akaanza kumeza baada ya siku chache. Na mzee mwingine, namba kubwa kama za baba, alimaliza akila githeri. Kwa hivyo ukipewa namba kubwa usianze kuandaa matanga, na ukipewa ndogo usilale.

Nilirudi chumbani nikamwambia baba. Nilimchorea kwa daftari, uti wa mgongo hapa, bomba hapa, mdomo ulionuna hapa, moto hapa. Aliangalia muda mrefu. Akauliza, kwa hivyo haijashuka? Nikasema haijashuka. Akauliza, na inapona? Nikasema jamaa amesema mashine ikiisha, wiki chache. Akasema basi kesho twende. Hivyo tu. Kumbe maumivu yenyewe angevumilia. Kilichokuwa kimemmaliza ni kudhani ndio mwanzo wa kile kilichomchukua ndugu yake, maana baba mdogo alikufa na koo.

Zile siku nne zilituponza kidogo, daktari alikasirika, akasema saratani ya mapafu ukiipa likizo katikati ya mionzi inapata nafasi ya kuota tena. Na kwa sababu alikuwa amekonda ilibidi wapige picha tena kuona kama mpango bado unamkaa.

Sasa chakula. Hapa ndipo nimejifunza mambo ambayo hakuna grafu itakuonyesha. Dada wa lishe alitupa karatasi imeandikwa mtindi, supu, mayai ya kuvuruga, viazi vya kuponda, sawa, lakini baba ni Mluhya, mtu huwezi kumwambia ameshinda na viazi akaamini amekula. Kilichotuokoa ni mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Wengine hucheka mrenda wetu ati unavutika, sasa huo kuvutika ndio ulikuwa dawa, nikiusonga mwepesi na maziwa, bila chumvi nyingi, bila pilipili, na ugali laini sana wa unga wa mahindi uliochekechwa, karibu uwe uji mzito, anachovya kidogo sana unateleza wenyewe. Uji wa wimbi nikaacha kuweka ndimu, maana ndimu ilimrusha kutoka kitini. Nikawa nautia siagi ya karanga na maziwa na yai ukiwa jikoni, mara sita kwa siku kikombe kidogo kidogo. Omena hapana kabisa, ile miiba midogo ukiwa na kidonda ni kama kumeza sindano.

Na chai. Jamani chai. Kwetu chai isiyotoa moshi ni matusi kwa mgeni. Baba alikuwa anakunywa chai ikiwa bado inachemka ndani ya kikombe, na hata kabla ya saratani wataalamu walishasema vinywaji vya moto sana havifai umio. Kumfanya asubiri ipoe ilikuwa vita kuliko kemo. Nilikuwa naweka kikombe juu ya dirisha, nahesabu, anaangalia kikombe kama mtu anangoja matatu ya mwisho.

Dawa za maumivu tulianza tukiwa tumechelewa. Kulikuwa na ile ya kugandisha, lignokeni nzito, anameza kijiko dakika chache kabla ya chakula, halafu nusu saa anakuwa na nafasi, lazima chakula kiwe tayari kabisa, sio ndio unawasha jiko. Na mofini ya maji. Hapo nilibishana na shangazi kwa simu mpaka kredit ikaisha, yeye anajua mofini ni ya mtu anayeagwa. Baba akapewa kiasi kidogo kila saa nne na usiku wa kwanza akalala mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mimi ndio sikulala, nilikuwa naangalia kama anapumua. Cha kuangalia ni choo, inafunga kweli kweli, mwulize daktari dawa ya choo siku ile ile unapewa mofini, usingoje.

Siku ya 30 tukasherehekea. Soda, keki ndogo, baba akapigwa picha kando ya mlango wa mashine, kaka akatuma pesa. Tulidhani imeisha. Wiki iliyofuata, tukiwa tumesharudi Kisumu, ikawa mbaya kuliko zote. Hakumeza hata maji siku nzima, tukaenda kuwekewa dripu. Nikampigia yule jamaa wa fizikia nikimlaumu, akaniambia kwa upole kwamba ile kazi mashine ilifanya wiki ya mwisho inajionyesha baada ya mashine kuisha, kilele kinaweza kuja hapo hapo mwishoni au kidogo baadaye. Hilo nalo lingeandikwa kwa karatasi. Baada ya hapo kila siku ikawa afadhali, wiki ya nne tangu tumalize alikula ugali wa kawaida na kuku wa kuchemsha, polepole, na watoto wangu wamekaa mbele yake wanamhesabia kuka (babu kwa Kiluhya) matonge, kuka moja, kuka mbili.

Miezi kama mitano baadaye ugali ulikwama. Safari hii hauumi, unakwama tu. Kama ni zamani tungelia wote. Nilijua kovu linaweza kukaza umio hata miezi baada ya mionzi, kwa hivyo nilimpeleka kwa endoskopi, wakaingiza kamera, wakaona pamebana, hakuna saratani pale, wakapanua. Alirudi mara ya pili wakapanua tena. Sasa anatafuna muda mrefu na maji kando.

Juzi jirani yangu wa Kibuye, anauza mabegi, mumewe ameandikiwa mionzi ya kifua. Nilimkatia ukurasa wa daftari nikamwandikia maswali ya kuenda nayo: umio umepata wastani wa grei ngapi, asilimia ngapi imefika 60, ni wiki gani tuanze kuogopa, nani tumpigie usiku, na mofini itaandikwa lini. Alirudi akaniambia daktari alisoma karatasi akamwuliza yeye ni nesi? Akasema hapana, anauza mabegi. Lakini majibu alipewa yote, wastani 29, na ameshanunua wimbi na debe la karanga, wiki ya tatu bado haijafika.

Baba yuko hapa kwangu sahii, ameketi nje. Chai yake naipoza mimi mwenyewe kabla nimpelekee. Thermos nimeificha juu ya kabati, lakini leo asubuhi nimeikuta mezani, kifuniko hakijakazwa.